Picha za Malinowski kule Kiriwina: kwa nini karibu zote zimepigwa kwa umbali wa kati?

#1 Bamba Kavu
Wakuu, habari zenu.

Kwa wanaofuatilia picha za kale za Melanesia, visiwa vya Pasifiki kaskazini mashariki mwa Australia: ukipitia mkusanyiko wa mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski uliopo London School of Economics, picha kama 1,100 hivi za visiwa vya Trobriand (Kiriwina ndicho kikubwa) na sehemu nyingine za Papua, kuna jambo linajirudia mno. Karibu zote zimepigwa kwa umbali wa kati. Watu wanaonekana mwili mzima, pembeni kuna ghala la viazi vikuu, nyuma nyumba za mzunguko wa kijiji na minazi. Sura peke yake, uso umejaza picha, utaitafuta sana. Na nyingi ni za kulala, si za kusimama.

Huyu mtu alijua lugha ya pale. Alipiga hema Omarakana, kijijini kwa chifu To'uluwa. Nafasi ya kusogea alikuwa nayo kila siku kwa miaka minne, na hakusogea. Mimi nasema aliamua kwa makusudi: alitaka tendo lionekane pamoja na mahali pake na watu waliolizunguka. Karibuni tujadili.

#2 Chumba cha Giza
Mleta uzi, kabla ya kumpa nia mpigapicha, ipe kamera yake nafasi ijieleze.

Bamba, yaani kioo chenye utando wa dawa kilichotumika kama filamu, la ukubwa wa robo ni inchi 3¼ kwa 4¼. Lenzi ya kawaida ya ukubwa huo ni milimita 130 hadi 150. Chukua 140, weka tundu la lenzi f/8. Mtu akikaa mita 1.5 kutoka kwako, eneo lenye ukali, linalotoka wazi bila ukungu, ni kama sentimita 18 tu kwa jumla, mbele na nyuma ya pale ulipolenga. Akiinamisha kichwa, pua imetoka. Msogeze mita 6: ukali unaanzia mita 4.8 hivi na kufika karibu mita 8. Hapo kikundi kizima kinaingia bila kumwambia mtu yeyote asitikisike.

Kwa hiyo anayefuatilia sherehe inayotembea atasimama mita 5 hadi 8, awe na falsafa au asiwe nayo.

#3 Nyaraka254
Hoja ya lenzi naikubali nusu. Nusu nyingine ni historia ya fani.

Aliyemfungulia Malinowski milango ya Papua ni mwanaanthropolojia C. G. Seligman. Seligman alishapita huko mwaka 1904 na msafara wa Daniels, na kitabu chake kuhusu Wamelanesia wa Papua ya Waingereza kilitoka 1910. Picha za watu wa kizazi chake zilikuwa na mtindo wake: mtu anakalishwa, anapigwa uso kwa mbele, kisha ubavu, mandhari ya nyuma tupu, ili apimwe kama aina ya mwili. Ili upime kichwa lazima usogee.

Malinowski hakuwa na haja ya vipimo vya vichwa. Alitaka kujua nani anampa nani nini, nani amesimama wapi wakati wa kupeana. Ukiondoa swali la vipimo, sababu ya kusogea usoni inaondoka nayo. Sura za karibu zipo chache kwenye mkusanyiko, lakini hazibebi kazi yake.

#4 Mkaa Pwani
Hivi huyu si ndiye aliyemfundisha Mzee Kenyatta? Na si ndiye alifungiwa kisiwani na Waaustralia wakati wa vita kuu ya kwanza, akakosa pa kwenda ndipo akaandika? Mtu mfungwa atasogelea watu na kamera kweli?

#5 Bi Mwanakheri
Mkaa Pwani, la kwanza ni kweli, la pili ni hadithi ya vijiweni.

Alikuwa raia wa Austria, kwa hiyo kwa sheria za wakati ule alihesabika mtu wa nchi adui. Lakini hakufungiwa kisiwani. Alipewa vibali na serikali ya Australia, akafanya kazi Mailu, kusini mwa Papua, kwanza, kisha Trobriand awamu mbili: 1915–16 na 1917–18. Katikati alirudi Australia. Kwa hiyo na mleta uzi naye atuwekee sawa hiyo "kila siku kwa miaka minne".

Aliyepatwa na vita kwa namna nyingine ni Stanisław Ignacy Witkiewicz, mchoraji, rafiki yake. Walisafiri pamoja 1914, na yeye ndiye aliyekusudiwa kuwa mchoraji na mpigapicha wa safari. Vita vilipotangazwa wakatengana, Witkiewicz akarudi Ulaya. Yaani kazi ya kamera ilimwangukia Malinowski wakati hakuwa amejipanga nayo. Hiyo nayo ni sababu ya kuiweka mezani.

Kuhusu Kenyatta: ndiyo, alisoma kwake LSE, na kitabu chake kuhusu Wagikuyu cha 1938 kina utangulizi wa Malinowski. Na kwa kuwa uzi ni wa picha, tazameni ile picha mashuhuri ya kitabu hicho: Kenyatta amevaa vazi la ngozi, anagusa ncha ya mkuki kwa kidole. Imepigwa Uingereza. Uso na kifua vimejaza, hakuna kijiji, hakuna mtu mwingine. Ni kinyume kabisa cha picha za Kiriwina. Kenyatta alijua anajionyesha kwa nani.

#6 Bamba Kavu
Asante Bi Mwanakheri, awamu mbili, imerekebishwa.

Sasa Chumba cha Giza, swali. Msafara wa utafiti wa Cambridge wa 1898 kwenye Mlangobahari wa Torres, kati ya Australia na New Guinea, ule wa A. C. Haddon akiwa na Rivers, Seligman, Myers, McDougall, Ray na kijana Anthony Wilkin aliyepiga picha nyingi, ulikuwa na vifaa vya zamani zaidi ya vya Malinowski. Na bado wana sura za karibu, kali, nzuri. Lenzi haikuwazuia. Unasemaje?

#7 Chumba cha Giza
Nasema hizo ni picha za mtu aliyekalishwa. Kamera iko juu ya miguu mitatu, mlengaji amefunika kichwa kwa kitambaa, anatazama kioo cha ukungu, anaweka ukali kwenye jicho, anaingiza bamba, kisha anapiga. Mhusika ametulia muda wote huo. Inawezekana kabisa kwa mtu mmoja anayekubali. Kwa wanaume 20 wanaogawana viazi vikuu haiwezekani.

Lakini kuna jambo la pili ambalo watu wa siku hizi hawalioni, nalo ni gharama ya bamba moja kuharibika. Mabamba makavu yaliuzwa kwa dazeni, ni vioo, mazito, yanavunjika, na yakiisha lazima usubiri meli. Halafu yasafishwe palepale, kwa sababu picha iliyokwisha kupigwa ikikaa wiki nyingi kwenye joto na unyevu inafifia na kupata ukungu.

Kusafisha bamba kwenye nchi ya joto ni hivi. Dawa ya kusafishia imetengenezwa ifanye kazi kwenye nyuzi 18 hadi 20. Maji ya kisiwa cha ikweta yana nyuzi 27 na zaidi. Jelatini inaanza kulegea maji yakizidi nyuzi 24 hivi. Inavimba, kingo zinajikunja kama pindo la nguo, kisha utando mzima unaachana na kioo na kuelea. Tiba ni nne na zote zina kasoro zake:

Unafanya kazi usiku wa manane, joto likiwa limeshuka. Unapoza maji kwenye mtungi wa udongo uliofungwa kitambaa kibichi penye upepo, unapata nyuzi chache tu za nafuu. Unaliingiza bamba kwenye maji ya shabu au fomalini ili jelatini ikaze, ila ukiweka mapema mno dawa haipenyi sawasawa na picha inatoka na mabaka. Na unapunguza muda wa dawa kwa sababu joto linaiharakisha. Ukichelewa kidogo negativi inakuwa nzito, nyeusi, haichapiki.

Bado kuosha. Kiriwina ni kisiwa cha matumbawe, maji ya juu ya ardhi ni haba. Dawa ya kukaza picha isipotoka yote kwenye jelatini, baada ya miaka utaona madoa ya manjano na kahawia yanayoanzia pembeni. Kuna njia: kuosha kwanza kwa maji ya bahari, ambayo huitoa dawa hiyo haraka, kisha kusuuza kwa maji machache yasiyo na chumvi ili chumvi isibaki. Ukisahau kusuuza, chumvi inavuta unyevu na kuvu inaanza. Halafu kukausha: hewa ina maji, bamba linakaa bichi usiku kucha, na wadudu wanaipenda jelatini.

Mtu anayejua kwamba kila bamba linapita tanuri hilo hataliweka rehani kwa picha ya mita 1.5 ambayo ukali wake ni wa kubahatisha. Atapiga salama, atapiga pana.

#8 Mtumbwi
Maelezo mazuri sana mkuu, ila hapo mwisho umeruka mtu muhimu: Billy Hancock, mfanyabiashara na mnunuzi wa lulu aliyeishi Gusaweta, hukohuko Kiriwina. Malinowski hakuwa peke yake. Hancock alikuwa mpigapicha mzuri, alimsaidia kwa kamera na kazi za chumba cha giza, na baadhi ya picha za mkusanyiko ni zake. Zile zinazomwonyesha Malinowski mwenyewe, na mavazi yake meupe katikati ya watu, haziwezi kuwa za mkono wake, na kwa kawaida hutajwa kuwa za Hancock.

Kwa hiyo tunapouliza "kwa nini hakusogea", tuulize kwanza "nani?". Ukichanganya negativi za watu wawili huwezi kusema mtindo ni wa mmoja.

#9 Kipepeo Mweusi
Naongeza upande mwingine. Umbali unaficha maandalizi. Ukipiga kwa karibu, mtu akitazama kamera inaonekana mara moja. Ukipiga kwa mbali kidogo, mkao wa kupangwa unafanana na tendo la kawaida.

Tazameni picha ya mwanzo kabisa ya kitabu cha Malinowski cha 1922 kuhusu kula (neno la kule, si kula chakula: ni mzunguko wa kupeana mikufu na bangili za kombe kati ya visiwa), ambacho kina picha na michoro 65. Mkufu wa kombe unatolewa kwa chifu aliyesimama mlangoni pa nyumba yake. Nyuma ya mtoaji kuna safu ya vijana sita wameinama, mmoja anapuliza gunda. Wote wako ubavu, macho yao kwenye tendo. Kisha tazama tena polepole: mmoja wa walioinama anaelekea kutazama kamera. James Clifford, mwanahistoria wa anthropolojia, aliliandika hilo mwaka 1983 na tangu hapo huwezi kuiona picha ile kama ulivyoiona mwanzo.

Na kule kisiwa cha Mer, Mlangobahari wa Torres, mwaka 1898, Haddon alipoomba kuona sherehe ya Malu-Bomai, vinyago halisi vilikuwa vimeshatoweka baada ya wamisionari kuingia. Wazee wakatengeneza vingine kwa karatasi ngumu. Kilichopigwa ni maigizo.

#10 Nyaraka254
Kipepeo, neno "maigizo" ni zito kuliko ushahidi wako.

Mambo yalivyokuwa: wamisionari wa London waliingia Mlangobahari wa Torres Julai 1871. Miaka 27 baadaye, wazee waliotengeneza vinyago vya karatasi ngumu walikuwa watu waliojua umbo, nyimbo na hatua za sherehe ile. Mapema Septemba 1898 wakacheza mbele ya kamera ya sinema ya Newman & Guardia, na zimebaki dakika nne hivi tu za filamu zote za msafara. Kitu kisicho halisi pale ni malighafi ya kinyago. Ngoma, mpangilio wa wachezaji na wenye haki ya kucheza ni vya kwao. Haddon mwenyewe hakuificha habari ya karatasi.

Na msisahau kwamba ni msafara huohuo Rivers alikokusanya nasaba za watu wa Mer, na taarifa zake zikaja kutumika katika kesi ya Mabo, ya haki za ardhi za watu wa Mer huko Australia, iliyoamuliwa Juni 1992. Ukiandika "maigizo" kwenye kadi ya hifadhi, msomaji wa kesho ataitupa. Andika: "sherehe iliyochezwa kwa ombi la Haddon, vinyago vya karatasi ngumu vilivyotengenezwa na wazee wa Mer, Septemba 1898". Kila kitu kimesemwa.

#11 Kipepeo Mweusi
Maneno hayo ya kadi nayakubali. Ila ya kwamba umbali unaficha maandalizi bado nayashikilia.

#12 Shangazi K
Wanangu, mbona mnazungumza kana kwamba mwenye kamera ndiye pekee aliyeamua? Watu waliopigwa nao walikuwa na lao. Kuna mahali ulikaribishwa kusogea na mahali hukukaribishwa.

Chukueni Malakula, Vanuatu ya leo. Mwanaanthropolojia John Layard aliachwa na Rivers kisiwa kidogo cha Atchin, hapo Malakula, mwaka 1914, akakaa hadi 1915, akapiga mabamba ya maki, sherehe za kupanda daraja kwa kuchinja nguruwe wenye meno yaliyojikunja. Mabamba yake yako Makumbusho ya Akiolojia na Anthropolojia ya Cambridge. Nakala ziliporudi Malakula, watu walitambua wazee wao na uwanja wa ngoma ambamo picha zilipigwa. Hapo ndipo utajua picha ipi ilipigwa kwa ruhusa ya nani, maana ukoo unajua nani alikuwa na haki ya kusimama wapi.

Kituo cha Utamaduni cha Vanuatu pale Port Vila kina chumba cha tabu kwa vitu ambavyo si vya kila mtu. Picha ya kitu cha wanaume walioingizwa jandoni mwao haiwekwi mezani kwa kila anayeingia. Baada ya uhuru wa 1980 nchi ile ilisimamisha utafiti wa wageni kuanzia 1985 hadi 1994, na uliporuhusiwa tena ilitakiwa mtafiti aache nakala za kazi yake. Nawaomba wenye kupakia picha hizi mitandaoni kwa wingi walifikirie hilo kabla hawajabonyeza.

#13 Mkaa Pwani
Shikamoo Shangazi, umenifungua macho. Nina swali la kazi, si la nadharia. Mtu akikabidhiwa sanduku la mabamba kama hayo ayaskani, atajuaje kama picha imegeuka, kushoto kuwa kulia? Nimeona picha ileile ya Kiriwina sehemu mbili, moja imegeuzwa.

#14 Chumba cha Giza
Marahaba ya Shangazi, jibu langu. 😀

Bamba lina nyuso mbili. Upande wa kioo unang'aa. Upande wa utando umefifia, na kwenye mabamba ya zamani una rangi ya fedha kingoni ukiuinamisha kwenye mwanga. Ukilishika huku upande wa kioo ukikutazama na utando ukiwa mbali nawe, unaona mandhari jinsi mpigapicha alivyoyaona. Ukilishika kinyume, yamegeuka. Basi. Usitegemee maandishi yaliyokwaruzwa kwenye utando, maana wengine waliyakwaruza kinyumenyume ili yasomeke kwenye chapa, wengine hawakujali.

Mengine ya kushika: glavu za nitrili, si za pamba, pamba inateleza kwenye kioo. Shika kingo. Simamisha bamba kwa ubavu wake mrefu, usirundike moja juu ya jingine. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi yenye mikunjo minne, ili ufungue bila kulivuta bamba. Utando ukiwa umeanza kuinuka, usipulize vumbi, usifute, piga kama lilivyo. Na ukikuta filamu laini badala ya kioo, ya kabla ya 1951 hivi, inanata na kuwa ya manjano kwa harufu kali, simama hapo: yaweza kuwa nitrati, inashika moto vibaya sana, itengwe na iwekwe kwenye baridi. Ikinuka siki ni asetati, haina hatari ya moto ya namna ile, ila inajikunja na kusinyaa.

#15 Bi Mwanakheri
Niongeze la rangi, maana linawapotosha waandika maelezo. Mabamba mengi ya enzi hizo hayaoni nyekundu na yanaona bluu kupita kiasi. Ndiyo maana anga ni jeupe tupu hata siku ya mawingu mazuri. Mkufu wa soulava, ambao vipande vyake vya kombe ni vyekundu, unatokea karibu mweusi, na mwali, bangili nyeupe ya kombe inayovaliwa mkononi, inawaka. Midomo yenye tambuu inakuwa myeusi. Nimeona maelezo yanasema "mkufu wa mbegu nyeusi" kwa sababu hiyohiyo. Upande mmoja wa kula ndio huo umekosewa jina.

Na hili linahusu umbali pia: uso wa karibu kwenye bamba lisiloona nyekundu hutoka na vivuli vizito, hasa jua la utosini. Kwa mita 6 kasoro hiyo haionekani sana.

#16 Bamba Kavu
Hoja zimekuwa nyingi, ngoja nilete yake mwenyewe. Katika kitabu chake cha mashamba cha 1935, Malinowski aliweka nyongeza nzima ya kukiri mapungufu. Anasema aliichukulia kamera kama kazi ya pembeni, njia isiyo na uzito sana ya kukusanya ushahidi, na kwamba lilikuwa kosa kubwa. Anaongeza kwamba alipolinganisha daftari na picha, picha zilimlazimisha arekebishe maneno yake mahali pengi.

Hili linapiga nadharia ya Nyaraka254 na yangu pia, maana mtu asiyejali kamera hana mtindo wa makusudi.

#17 Nyaraka254
Halipigi. Kutojali kamera ni jambo moja, kutazama ni jingine. Daftari lake limejaa nani alikaa na nani, na picha zake zinaonyesha hivyohivyo. Na picha 1,100 si za mtu asiyejali. Waliokuja baadaye walikuwa na Leica, kamera ndogo ya filamu, na filamu ya mita, kama wanaanthropolojia Gregory Bateson na Margaret Mead waliopiga picha kama 25,000 Bali kabla ya kuhamia kwa Waiatmul wa New Guinea, kijiji cha Tambunam, 1938. Hao ndio walisogea hadi vidoleni kwa sababu swali lao lilikuwa tabia ya mtu mmojammoja, mama na mtoto. Swali linaamua umbali.

#18 Chumba cha Giza
Au Leica inaamua. Lenzi ya milimita 50 na picha 36 kwa filamu moja, nani asingesogea?

#19 Mtumbwi
Kuna njia ya kupunguza ubishi huu bila kukisia nia ya marehemu. Kila kasha la bamba, lile linaloshika bamba ndani ya kamera, huacha alama zake kwenye kingo: kivuli cha ukingo, pengo la vishikio, wakati mwingine mkwaruzo mmoja unaojirudia kila kasha lilelile linapotumika. Ukiskani bamba zima hadi ukingo wa kioo, bila kukata, unaweza kupanga negativi kwa makasha, na makasha kwa kamera. Hapo utajua zipi zinaelekea kuwa za kamera ya Hancock na zipi za Malinowski.

Pia pima urefu wa kamera. Tazama upeo unawakata wapi watu waliosimama kwenye uwanja tambarare: hapo ndipo urefu wa kamera ulipo. Kamera za rifleksi unazitazama kwa juu, zinakaa kifuani, upeo unashuka. Ya miguu mitatu inaweza kukaa juu zaidi. Picha nyingi za Kiriwina zina kamera ya chini, sawa na waliochuchumaa. Ikiwa alama za kingo zinaonyesha kamera moja tu ndiyo ya chini, Chumba cha Giza atakuwa na hoja. Ikiwa zote mbili ni za chini, kuna mtu alichuchumaa, na Nyaraka254 atatuambia kwa nini.

Tatizo ni kwamba nakala nyingi zilizopo mtandaoni zimekatwa kingo. Mwenye nakala zisizokatwa za mfululizo wa siku moja, hata wa ugawaji mmoja wa viazi vikuu, aziweke hapa kwa namba zake za hifadhi, tuanze na hizo.